Upande wa Juu wa Maji

Kahindi baba,

Barua hufunguliwa kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Unakoroma chumba cha pili, umelala chali kama marehemu baba yako, na begi lako limeziba mlango hata paka hapiti. Mtu anayesafiri kesho kwa kawaida hulala usingizi wa mang'amung'amu. Wewe umelala kama mtu aliyefanya kazi nzito, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya niketi kuandika.

Sitakuandikia habari za sweta, wala kula vizuri, wala kusali. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukawa unaitikia "sawa mama" kabla sijamaliza. Nitakuandikia habari za mkono wa mjomba wako Charo, na za bwawa, na nilichokiona leo alasiri. Nilitaka kukuambia tulipokuwa tukila. Nikashindwa, nawe ulikuwa na lako likakushinda, tukabaki kumsifu samaki ambaye hata chumvi hakuwa nayo.

Nianze na mkono. Tangu utotoni unajua kwamba mkono wa kulia wa mjomba wako ulikamatwa na mkanda wa mashine ya kusaga mahindi hapa Tarasaa. Uliiogopa sana mashine ile. Nikikutuma kusaga, ulikuwa ukisimama mlangoni na kunyoosha debe kwa mbali, watu wakakucheka. Mimi ndiye niliyekutia hofu hiyo, na ilikuwa uongo mtupu. Mashine haikumgusa Charo. Alikatwa kwa panga, bwawani, akiwa ameshika mkebe wangu.

Wakati huo ulikuwa bado hujajua kutembea. Nilikuwa ndio nimeanza kufundisha kemia, mwanamke pekee katika chumba cha walimu, mzaliwa wa hapa hapa, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Mwaka ule mvua ilikataa. Mto ulipungua mpaka maji ya bahari yakawa yanapanda nao, na watu wa huko chini wakawa wanachota chumvi. Tulibaki na bwawa lile la kando ya barabara, ambalo wakulima na wafugaji walilichimba pamoja ili ng'ombe wasipite mashambani kwenda mtoni. Unajua mwenyewe umuhimu wake. Bwawa likiwa na maji, sisi wakulima na Waorma wafugaji tunasalimiana, tunauziana maziwa na ndizi. Likikauka, ng'ombe hawana budi kupita kwenye migomba ya watu, na kutoka hapo mambo huharibika upesi.

Wakaja wageni na mikebe ya unga mweupe, laini kama poda ya mtoto. Walisema ukinyunyizwa juu ya maji hujitandaza wenyewe, ukafanya utando mwembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukifikiria: molekuli moja tu kwenda juu, zote zimesimama bega kwa bega, vichwa majini na mikia hewani. Chini ya utando huo jua halinyonyi maji kwa urahisi. Walitaka mtu wa kusimamia, anayejua kemia na anayejua watu. Nikasema mimi. Wakaniachia mikebe wakaenda zao.

Kosa langu halikuwa la kemia. Kuna njia zinazoachwa kati ya mashamba ili mifugo iufikie mto, zile tunazoziita malka, na jambo lolote la maji huketiwa kwanza pale, wakulima upande huu na wafugaji upande ule, hata kama ni kung'oa magugu tu. Nilijua hivyo tangu nikiwa msichana. Sikwenda. Nilijiambia, yaani watu wakae mchana kutwa kujadili kitu kisicho na unene? Kitu ambacho hata jicho halikioni? Kwa hesabu yangu nilikuwa sitii chochote bwawani. Utando wa molekuli moja si kitu. Ndivyo nilivyojiambia, na ndivyo nilivyokuja kukufundisha wewe darasani miaka mingi baadaye, bila aibu.

Nilinyunyiza asubuhi, Charo akinishikia mkebe. Maji yakatulia. Upepo ulikuwa unavuma, magunia yalikuwa yanapepea kwenye ua wa jirani, lakini maji hayakujikunja hata kidogo. Nilicheka kwa furaha. Charo hakucheka. Alisema, "Dada, mbona maji haya ni kama yamekufa?" Nikamwambia aache ushamba.

Kufikia mchana utando ulikuwa umevunjika. Upepo uliusukuma wote upande mmoja, ukarundikana ukingoni kama utepe mweupe, mfano wa uji uliokauka kwenye sufuria. Mimi nilikuwa shuleni nasahihisha mitihani. Alasiri ng'ombe wakaja. Walikuwa ngozi na mifupa, na wengine hawakuwa wa kufika wiki ijayo kwa vyovyote vile. Ndama mmoja alikunywa pale ukingoni, akalala, hakuinuka tena. Alikufa kwa njaa. Lakini alikufa na mdomo mweupe, na kila aliyekuwapo aliuona ule mdomo.

Charo alikuwa amerudi kuchukua mkebe tuliousahau. Wakamkuta nao mkononi. Hapakuwa na maswali. Kijana aliyeinua panga alikuwa rika lake, walikuwa wakicheza mpira pamoja. Charo akainua mkono wa kulia kujikinga, mkebe na yote, panga likapita kwenye kifundo. Lingeshuka mara ya pili tusingekuwa na Charo. Aliyelizuia ni Mzee Wario, yule yule unayemjua, ambaye alijitupa kati akiwacharaza kwa fimbo vijana wa ukoo wake mwenyewe. Siku zilizofuata shamba la migomba linalopakana na bwawa lilifyekwa lote, na upande wa pili zizi likachomwa moto. Watu walikuwa wakilala na viatu miguuni.

Tuliketi malka wakati mambo yameshaharibika. Nilisimama nikaeleza kemia yangu. Nilichora mchangani. Nilisema unga ule hauna sumu, ni jamii ya mafuta, na uliotanda bwawa zima haujai hata kijiko cha kulia. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Ndipo Mzee Wario akasema, polepole, kwa Kiswahili chake:

"Mwalimu, mimi nasikia. Wewe nasema hii kitu ni nyembamba sana, iko juu juu tu. Sawa. Lakini ng'ombe yangu nakunywa wapi? Nakunywa juu. Hapana kunywa chini."

Nikaifuta kwa mguu ile michoro yangu mchangani.

Kisha akaniambia ninywe. Hakuwa ananikomoa. Ndiyo desturi ya pale: anayegusa maji ya wote hunywa wa kwanza, mbele ya wote, kabla ya mifugo. Tukaenda bwawani, nikachota pale pale penye utepe mweupe, nikanywa kikombe kizima cha bati. Wewe nilikuwa nimekubeba kiunoni. Ulipoona nakunywa ukataka nawe, ukanyoosha mkono kwenye kikombe. Nikakuzuia. Mimi niliyekuwa nimetoka kuapa kwamba maji ni salama, niliushika mkono wako nikauzuia, na watu wote waliona. Mzee Wario aliona. Mpaka leo hajawahi kunitajia, lakini kila tunapoonana najua kwamba anakumbuka.

Pale pale niliapa kwamba hakuna kitakachowekwa tena juu ya maji yale, kiwe chembamba namna gani, kabla ya watu kuketi malka. Waliniamini. Si kwa sababu ya kemia, bali kwa sababu Charo, mkono umefungwa kanga yenye madoa ya damu, alisema, "Nami naapa pamoja na dada yangu."

Sasa utaniuliza kwa nini nilikudanganya. Nilijiambia sitaki ukue ukiwachukia wafugaji. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba wewe ulikuwa mtoto pekee duniani aliyeniona mwerevu, na nilitaka uendelee hivyo hivyo. Charo alikubali kunifichia. Alijifunza upya kula, kulima, kufunga vifungo, yote kwa mkono wa kushoto. Wapo waliomrudishia sahani kwa kuwa aliwapa kwa mkono huo. Kwenye arusi alianza kukaa pembeni. Siku moja mbele ya duka Mzee Wario alimpa mkono wake wa kushoto kumsalimia, watu wakishangaa, na tangu hapo wawili hao husalimiana hivyo. Mimi ndiye niliyemfikisha Charo pale, na hajawahi kunirushia neno.

Halafu mwezi huu ukaja nyumbani na chupa zako mbili, kizibo chekundu na kizibo cha buluu, ukaniketisha barazani. Unakumbuka ulivyofurahi? Ulijaza maji kwenye karai, ukanyunyiza poda yangu juu, ukadondosha tone. Poda ikakimbilia kingoni kama vifaranga walioona mwewe. Nikajifanya sijawahi kuona kitu kama hicho.

"Mama, molekuli hizi zina mikono," ukaniambia. "Chupa nyekundu ni za kulia tupu. Ya buluu ni za kushoto tupu. Viungo vile vile, uzito ule ule. Ila huwezi kulaza moja juu ya nyingine zikalingana. Kama mikono yako miwili."

Ukaenda mlangoni ukakusanya ndara zote za nyumba hii, nzima na mbovu. Ukapanga za kulia tupu, moja imeegemea nyingine, zikakaa zimebanana, na safu ikajipinda kidogo kidogo upande mmoja. Ukapanga za kushoto, zikapinda upande wa pili. Kisha ukachanganya, na kila mahali pakawa na mwanya. Ukanionyesha picha kwenye simu, zilizopigwa kwa darubini huko chuoni. Utando wa kulia tupu ulikuwa na vijisiwa vyenye mikono iliyopinda kama ndoano, vyote kuelekea upande mmoja, hakuna hata kimoja kilichokosea njia. Wa kushoto, vyote vimepinda kinyume. Wa mchanganyiko haukuwa na ndoano wala mpangilio wa maana. Kuna vitu vingine, ulisema, ambavyo vikichanganywa ndipo hukaa vizuri zaidi. Lakini si hivi.

"Zile za viwandani hutoka kulia na kushoto pamoja, na kuzitenga ni kazi," ukasema. "Ndiyo maana tando za zamani zilikuwa zinararuliwa na upepo. Huu wangu hauraruki, mama. Ukishatanda, umetanda."

Uliposema tando za zamani, ulisema kama mtu anayetaja vita vya mababu. Hukujua kwamba ulikuwa unanieleza kwa nini mkono wa mjomba wako uko vile ulivyo. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Charo mwenyewe alikuwa ameketi pale pale akimenya muhogo, kisu mkono wa kushoto, muhogo ameubana kwa goti, akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi. Nikakuambia, "Nionyeshe tena."

Nilisema hivyo kwa sababu nilivutiwa. Sitakuficha. Ilikuwa kama kumwona mtu aliyekufa zamani anarudi akiwa mzima na mzuri kuliko alivyokuwa. Nilikuona unavyong'aa, nikakuona unarudi siku moja kulitandazia bwawa letu utando likadumu kiangazi kizima, ng'ombe wanywe na migomba isikanyagwe, na kosa langu liishe. Nilitaka unisafishie jina bila kujua kwamba limechafuka. Na wewe, ukiona mama yako mwalimu anakubali hivyo, ungejua vipi kwamba kuna la kuogopa?

Leo alasiri nilikuwa natoka kumwona mgonjwa nikapitia barabara ya bwawani. Upepo ulikuwa mkali. Migunga ilikuwa inainama, vumbi la barabarani linanipiga machoni. Nikatazama maji. Yalikuwa yametulia.

Nikaiacha barabara. Nikashuka mpaka ukingoni. Wale wadudu wa miguu mirefu wanaokimbia juu ya maji hawakuwapo. Niliwakuta chini, kwenye tope la kina kifupi, wamezama kama watu waliovunjikiwa na daraja. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinaelea vimekufa. Nikachukua vumbi nikarusha. Lilikaa pale lilipoangukia, halikusogea, upepo ukipuliza. Hapakuwa na utepe mweupe. Utando haukuvunjika mahali popote. Kando ya maji kilikuwa kimechomekwa kijiti chenye alama ya kisu, sawasawa na usawa wa maji, na kwenye tope kulikuwa na nyayo za raba zako zile mpya.

Nilirudi nyumbani nikaingia chumbani mwako ulipokwenda kuoga. Chupa ya kizibo chekundu haina kitu.

Najua kwa nini umefanya hivyo. Unakwenda ng'ambo kwa miaka, na ulitaka uache umeanzisha, ili mimi nikutumie picha ya kijiti na wewe ujue huko uliko kwamba maji yamepungua kidogo tu. Ulitaka kutusaidia. Nilikuwa hivyo hivyo, Kahindi. Nilikuwa hivyo hivyo kabisa.

Mezani uliniuliza, huku unachambua miiba, "Mama, ng'ombe wa Mzee Wario hufika lini siku hizi?" Nikakujibu kwamba wanafika kesho asubuhi, wametoka bara ndani, siku nyingi hawajaona maji ya kutosha. Ukaacha kula. Ukanawa mikono muda mrefu sana. Nilingoja useme, na wewe, nadhani, ulingoja niulize.

Basi niulize sasa. Uliwahi kujaribu kwa ng'ombe? Si kwenye karai, si kwenye chombo cha maabara. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba miili ya viumbe nayo ina mkono wake, kwamba kuna dawa ambayo ya upande mmoja hutuliza na ya upande wa pili hudhuru, ingawa viungo ni vile vile. Nilikusikia vizuri. Tumbo la ndama mwenye njaa linasemaje kuhusu molekuli za kulia? Huenda halisemi lolote. Naamini hivyo, karibu kabisa. Lakini hiyo karibu kabisa ndiyo niliyokuwa nayo siku ile nilipokuzuia mkono.

Na hata kama hakuna mnyama atakayedhurika, kuna watakaoona. Mzee Wario macho yamemwishia, kesho hataona kama maji yametulia au yanacheza. Wanaochunga siku hizi ni vijana wasionijua mimi wala kiapo changu ila kwa kusimuliwa. Wataona upepo unavuma na maji hayatikisiki. Wataona wadudu chini. Ng'ombe waliotembea siku nyingi na njaa, mmoja wao atalala na kufa, kama wafavyo kila kiangazi, na safari hii hakutakuwa na haja ya mdomo mweupe.

Nimempigia Mzee Wario. Mteja hapatikani. Nimepiga tena na tena, na huko walikopita hakuna mtandao mpaka wafike barabarani. Nikafikiria kwenda sasa hivi na kamba nikaukokote utando mpaka ukingoni nikauondoe. Lakini wewe umenihakikishia kwamba hauraruki, na mtu akikutwa anahangaika kwenye maji ya watu gizani, hata awe malaika, hana maelezo yatakayosikilizwa. Nikaenda kwa Charo nikamweleza yote. Akasema, "Sawa dada. Tutakwenda wote. Ila safari hii huo mkebe sishiki mimi." Akacheka, nami nikacheka, halafu nikalia pale kwake mpaka akaniletea maji ya kunawa uso.

Sikuandikii ili ujute. Huko uendako utazungukwa na watu wazuri wenye akili, na kila mmoja atakuambia kwamba utando wa molekuli moja ni mwembamba. Ni kweli, ni mwembamba. Hawatakuwa waongo. Lakini wengi wao hawajawahi kumwona anayekunywa. Mimi niliwaona na bado nikakosea, kwa hiyo sikusemi. Nakuogopea. Nakuogopea kwa sababu wewe ni hodari kuliko nilivyokuwa. Utando wangu ulivunjika siku ile ile, kila mtu akaona kosa langu limerundikana ukingoni. Wako haujionyeshi. Nimetazama bwawa lile leo na nimeogopa kama sijawahi kuogopa, na katikati ya hofu, Mungu anisamehe, nilikuwa najivunia.

Kesho nitakuwa ukingoni kabla ya ng'ombe. Nitawaambia vijana wale kwamba maji yamewekwa kitu, nitasema ni kitu gani, na nitaomba wangoje watu waketi malka kwanza. Kisha nitakunywa. Nitawaambia ni kazi ya nyumba yangu. Sitataja jina. Wakiniuliza aliyeweka yuko wapi, nitawaambia ukweli, kwamba sijui kama bado yupo.

Basi la asubuhi litakuchukua hapa Tarasaa na litapita kando ya bwawa. Mimi na mjomba wako utatuona, tutakuwa upande wa maji. Ukigonga bati la basi, dereva atasimama. Ukipita, pita, mwanangu. Nitakupungia mkono na sitakuwa na kinyongo, nakuapia, ndege haingoji mtu na maisha yako ni yako. Nitawaambia watu kwamba uliondoka kabla hujajua habari za bwawa. Nimesema uongo kwa ajili yako miaka yote hii, mmoja zaidi hautaniua.

Nilitaka kuandika mengine, lakini nimesikia kitu nikatoka uani kusikiliza. Ni kengele za mbao, zile za shingoni mwa ng'ombe wanaotangulia. Ziko mbali, upande wa bara, lakini zinakuja, na hazikutakiwa kusikika mpaka kuche. Kiu imewatembeza usiku huu. Charo ameshafika, yuko mlangoni, anasema twende.

Sikuamshi. Nimejaribu mara mbili kukugusa bega nikashindwa, kwa sababu nikikuamsha nitakuwa nimekuchagulia. Vikombe vya bati vilikuwa viwili kabatini. Kimoja naondoka nacho. Cha pili nimekiweka juu ya begi lako, na safari hii sikuzuii mkono.

Mama yako,
anayetoka sasa hivi kuelekea majini.